Kabla ya Kupiga Picha za Harusi Fort Jesus

Jumamosi alasiri si ajabu kumwona bi harusi ameshika pindo la gauni akielekea lango kuu la Fort Jesus, somo wake kando na mpiga picha akitembea kinyumenyume mbele yao. Wanaofika bila maandalizi huishia langoni wakijadiliana na walinzi huku jua likienda zake.

Ni rahisi kudhani kwamba ruhusa hutolewa na Kaunti. Sivyo. Ngome hiyo, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, inasimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Tiketi ya kuingia humruhusu mgeni kutembea na kutazama. Picha za harusi zinazopigwa kwa malipo ni shughuli tofauti, na huombwa mapema katika ofisi ya Makavazi iliyo ngomeni. Barua itaje tarehe, saa, idadi ya watu na vifaa vitakavyoingizwa. Familia iulize ada yote kabla ya kumlipa mpiga picha, maana ni hapo ugomvi huanzia: kila upande hudhani mwingine ndiye atakayelipa.

Kuta zenyewe zinahitaji uangalifu. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na zimestahimili mizinga, mazingiwa ya Waomani ya 1696 hadi 1698, na miongo kadhaa ya kuwa jela wakati wa ukoloni. Haziwezi kustahimili gundi. Mkanda wa kubandikia maua ukibanduliwa hutoka na ganda la chokaa, nta ya mshumaa huingia ndani ya jiwe, na moshi wa rangi huacha doa. Ngome iko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2011, na kuiharibu ni kosa chini ya Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006. Mapambo yashikwe mkononi au yasimamishwe kwa stendi. (Sakafu zake, iongezwe, hazikutengenezewa viatu vya visigino virefu. Ndara mfukoni mwa somo huokoa mengi.)

Kuhusu mwanga, saa sita mchana ni ya kuepukwa. Jua huwa utosini, macho huingia kivulini na gauni jeupe hupoteza nakshi zake zote. Milango hufungwa saa 12 jioni, kabla jua halijazama, hivyo muda mzuri ni kati ya saa 10 na saa 11 na nusu. Wakati huo kuta za rangi ya udongo hurudisha mwanga laini usoni, na vijia vya ndani vyenye paa hufaa hata kukiwa na jua kali.

Wengi hutoka hapo na kuingia Mji wa Kale kutafuta milango ya kuchonga. Kila mlango una mwenyewe. Hodi na salamu kwanza, kisha ombi. Na mwenye nyumba akikataa, mlango wa pili hauko mbali. Nyakati za swala, hasa Ijumaa, njia zilizo mbele ya misikiti ziachwe wazi. Kuzuia barabara kwa msafara wa magari, hata kwa dakika chache, kunahitaji idhini ya Kaunti. Ndege zisizo na rubani zina sheria zake: lazima zisajiliwe na zipate kibali cha Mamlaka ya Safari za Ndege, na eneo hili liko karibu na Ikulu ya Mombasa.

Lakini jambo lililo zito kuliko ada na mwanga ni picha zenyewe zinakokwenda. Katika harusi nyingi za Waswahili, usiku wa kupamba ni wa wanawake peke yao. Simu huachwa mlangoni na mpiga picha huwa mwanamke. Hata hivyo, kadi ya kumbukumbu hupitia kwa mhariri, kisha kwa mchapishaji wa albamu, na picha moja nzuri huwekwa mtandaoni kuvutia wateja. Bi harusi aliyejisitiri maisha yake yote hujikuta kwenye simu za watu asiowajua, na hakuna anayeweza kuzikusanya picha hizo tena.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka mfanyabiashara apate idhini ya mtu kabla ya kutumia picha yake kujitangaza. Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Kinga iliyo bora ni mkataba wa karatasi moja, unaotaja nani atakayehariri, nani atakayebaki na nakala, zitafutwa lini, na kwamba hakuna itakayowekwa mtandaoni bila bi harusi mwenyewe kukubali. Usimwachie mjomba au kaka akubali kwa niaba yake.

Uani mwa ngome, mkataba huo haumfungi mgeni mwingine aliye na simu yake. Bi harusi asiyetaka kuonekana na wote avae hapo vazi analotokea nalo hadharani, na picha za gauni la ndani zipigwe nyumbani au ukumbini, milango ikiwa imefungwa.