Jeddah na Riyadh katika jicho la kamera

Picha za mitaani, yaani zile zinazopigwa njiani bila ya kuwapanga watu wala kuwataka watabasamu, zimekuwa kwa karibu karne moja na nusu hazina ya kumbukumbu za miji. Lakini nchini Saudi Arabia hazina hiyo ina pengo kubwa. Kwa miongo kadhaa kamera haikukaribishwa mitaani, na ruhusa ilipopatikana, mitaa mingi yenyewe ilikuwa imeshaanza kutoweka.

Mpenzi msikilizaji, mpiga picha wa mitaani hana studio. Studio yake ni kituo cha basi, genge la mboga, kivuli cha ukuta saa nane mchana. Mfaransa Eugène Atget, aliyefariki dunia mwaka 1927, alitumia takriban miaka 30 akizunguka na kamera nzito ya mbao katika vichochoro vya Paris ambavyo vilikuwa vikibomolewa. Kamera ndogo ya Leica ilipoingia sokoni mwaka 1925, kazi hiyo ikawa nyepesi, kwani mtu aliweza kuificha kiganjani na kupiga picha kabla mwenzake hajatanabahi. Hapo ndipo liliposhika kasi swali ambalo hadi leo halijapata jibu la kuwaridhisha wote: picha ya mtu aliyekuwa akipita njia zake ni mali ya nani?

Katika eneo la Hijaz kamera ilifika mapema. Ofisa wa jeshi la Misri, Muhammad Sadiq Bey, alipiga picha mjini Madina mwaka 1861, na takriban miaka 20 baadaye akapiga picha Makka. Mwaka 1884 msomi wa Kiholanzi Christiaan Snouck Hurgronje aliwasili Jeddah akiwa na kamera, na mwaka uliofuata akaingia Makka. Huko alishirikiana na daktari wa mji huo, Sayyid Abd al-Ghaffar, ambaye huhesabiwa kuwa Mmakka wa kwanza kupiga picha. Picha za daktari huyo zilichapishwa Uholanzi mwaka 1889 bila ya jina lake kutajwa. Tangu mwanzo, basi, suala la nani anapiga picha na nani anapata sifa lilikuwapo.

Sisi wa Afrika Mashariki nasi tuna fungu letu katika historia hiyo. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, ambaye ulimwengu unamkumbuka zaidi kwa picha zake za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984, alikuwa ameshatoa kitabu cha picha za Hija mwaka 1978. Lakini picha hizo ni za ibada. Muuza maji wa Jeddah, dereva wa teksi wa Riyadh, mama anayebishana bei ya kitambaa sokoni, hao hawakuwa na mpiga picha wao.

Sababu ni kadhaa. Wapo wanazuoni waliopinga picha za viumbe wenye roho, na ipo desturi ya kuisitiri familia isionekane na wageni. Aidha, askari wa Kamati ya Kuamrisha Mema na Kukataza Maovu waliweza kumzuia mwenye kamera papo hapo. Simu zenye kamera zilipigwa marufuku, na marufuku hiyo iliondolewa mwishoni mwa mwaka 2004. Mwaka 2006 serikali iliruhusu upigaji picha katika maeneo ya umma isipokuwa penye kibao cha kukataza. Mwaka uliofuata ikatoka sheria ya makosa ya mitandao, ambayo inamtishia mtu anayeingilia faragha ya mwenzake kwa kamera ya simu kifungo cha hadi mwaka 1 na faini ya hadi riyali 500,000. Askari wa Kamati walipokonywa mamlaka ya kukamata watu mwaka 2016. Mwaka 2019, viza za utalii zilipoanza kutolewa, zilitangazwa pia kanuni za adabu za hadharani, na kumpiga mtu picha bila ya idhini yake ni miongoni mwa makosa yanayotozwa faini.

Kwa hiyo mlango umefunguliwa, lakini una kizingiti.

Tuanzie Jeddah, katika mji mkongwe uitwao Al-Balad. Msikilizaji wa Zanzibar, Lamu au Mombasa akiziona picha za mahali hapo huenda akadhani anatazama kwao. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyotolewa baharini, na mbele yake zimening'inia kazi za mbao zilizonakshiwa, ambazo wenyeji huziita roshan. Ni neno lile lile la asili ya Kiajemi ambalo Waswahili tunalo katika roshani. Nyuma ya mbao hizo mtu wa ndani humwona mpita njia, naye mpita njia hamwoni. Mji mzima, ukipenda, ulijengwa kwa ajili ya kutazama bila ya kutazamwa, na hapo ndipo mpiga picha anapokuja na kifaa chake!

Utajiri wa mafuta ulipoingia, familia za wafanyabiashara zilihamia mitaa mipya ya kaskazini. Vyumba vya nyumba zile vikapangishwa kwa wahamiaji kutoka Yemen, Sudan, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Shirika la UNESCO liliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014, na mwaka 2019 zilitengwa riyali milioni 50 kuyanusuru majengo 56. Ni jambo la kushukuriwa, kwani baadhi yalikuwa yakiporomoka. Hata hivyo jengo likishapakwa chokaa na kugeuzwa hoteli au ukumbi wa sanaa, aliyekuwa akianika nguo zake katika roshani hayupo tena. Picha iliyopigwa kabla ya hapo ndiyo pekee inayoonyesha kwamba aliishi humo.

Kwa mitaa isiyo na mbao za nakshi mambo yalikuwa makali zaidi. Kuanzia Oktoba 2021 matingatinga yaliingia kusini na katikati ya Jeddah, ikiwemo Karantina na Ghulail, mitaa ambayo Waafrika wengi walikuwa wakiishi. Serikali ilisema kuwa ni makazi holela yenye uhalifu na dawa za kulevya. Shirika la Amnesty International lilisema mwaka 2022 kuwa mitaa zaidi ya 60 ilihusika na zaidi ya watu nusu milioni waliathirika, na kwamba raia wa kigeni hawakuingizwa katika mpango wa fidia. Watu waliotoa simu zao na kupiga picha mlango wa nyumba, duka la jirani, uwanja wa mpira wa watoto, bila ya kukusudia sanaa yoyote, walifanya kazi ile ile ya Atget.

Riyadh ni mji wa namna nyingine. Mji wa zamani wa udongo ulikuwa mdogo, na ulio mkubwa ulipangwa kwa ajili ya gari, kufuatia ramani ya Mgiriki Konstantinos Doxiadis ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwenye barabara za njia nyingi na joto la nyuzi 45, ni wachache wanaotembea kwa miguu. Isipokuwa Batha. Katika mtaa huo wa kati, jioni za Ijumaa, wafanyakazi kutoka Bangladesh, India, Pakistan, Ufilipino na Afrika hujaa njiani wakitafuta nyumbani kwao: magazeti, vyakula, watu wa kijiji kimoja. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa watu 4 kati ya kila 10 nchini humo si raia. Anayeupiga picha mji mkuu bila ya hao ameuacha nje karibu nusu yake. Tangu Desemba 2024 ipo pia treni ya mjini, ambamo watu wa matabaka mbalimbali huweza kuketi uso kwa uso.

Lakini ni wao hao wenye hofu kubwa zaidi ya kuonekana. Mkenya au Mganda aliyemkimbia mwajiri wake, na ambaye hati zake zimeisha muda, anaweza kurudishwa kwao kwa sababu ya picha moja iliyomfikia asiyestahili. Mpiga picha wa Uingereza Olivia Arthur, aliyekwenda Jeddah mwaka 2009 kuwafundisha wanawake upigaji picha, alikabiliwa na tatizo linalofanana na hilo. Wenyeji wake walimkaribisha majumbani, lakini baadhi hawakutaka nyuso zao zijulikane. Alichapisha picha zile kwenye karatasi, kisha akazipiga picha upya kwa taa kali, mng'ao ukafunika nyuso. Kitabu chake kilitoka mwaka 2012, na kwa maoni yangu mng'ao ule unaeleza Jeddah ya wakati huo kuliko uso wowote ulio wazi.

Wapo wanaodai kwamba kuomba ruhusa huiharibu picha, kwani mtu hujiweka sawa. Mimi sioni hivyo. Namna mtu anavyojiweka sawa, shuka anayoivuta begani, rafiki anayemwita asimame naye, nayo ni habari ya mji.

Na kuna wale ambao hawahitaji kuombwa, kwa sababu kamera iko mikononi mwao. Vivian Maier alikuwa yaya mjini Chicago, na maelfu ya picha zake za mitaani yaligunduliwa mwaka 2007, miaka miwili kabla ya kifo chake. Mfilipino Xyza Cruz Bacani alikuwa mtumishi wa nyumbani Hong Kong kabla ya kupata ufadhili wa taasisi ya Magnum mwaka 2015. Wanawake wa Kenya na Uganda wanaofanya kazi kama hiyo Riyadh na Jeddah wana simu, na kwa wengi wao picha za mitaa ile, zilizopigwa kupitia kioo cha gari la mwajiri au katika foleni ya kutuma pesa, ziko katika mazungumzo ya familia Mombasa na Kampala.