Neno "Scrutinize" na Deni Lake

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vipendwavyo na waandishi wa taarifa za kazi kimo "scrutinize". Ni kitenzi chenye fahari, lakini askari akitumiapo hujitwika mzigo.

Asili yake ni Kilatini. Wajuzi wa lugha hukinasibisha na neno "scruta", yaani matambara na vikorokoro. Basi mwenye kazi hiyo alikuwa kama mtu apekuaye rundo la takataka, asiache kitambara hata kimoja pasipo kukigeuza. Waingereza walikuwa wakikitumia katika karne ya 17. Ndugu zetu wa Burundi na Kongo wanalo neno la shina hilohilo, "scrutin", walilolipata katika Kifaransa. Kwao ni upigaji kura.

Kisichanganywe na vitenzi jirani. Ofisa apitaye mbele ya gwaride anakagua, na neno lake ni "inspect". Afunguaye mizigo kizuizini anapekua, yaani "search". Afuatiliaye kesi kwa majuma anapeleleza, yaani "investigate". "Scrutinize" ni kukikazia macho kitu kimoja, kama hati, sahihi au noti, hadi kila sehemu yake imekwisha kutazamwa.

Tuseme askari amesimamisha lori usiku karibu na Malaba. Ameimulika leseni kwa tochi, akairudisha. Kesho yake, kwa kupenda Kiingereza kizito, anaandika kwamba "ali-scrutinize" leseni ile. Mahakamani wakili wa mshitakiwa atamwuliza: Leseni iliisha muda wake tarehe ngapi? Mhuri ulikuwa wa rangi gani? Akibabaika, hakimu atautilia shaka hata ushahidi wake ulio wa kweli, na mwizi aweza kwenda zake. Na lipo lililo baya zaidi: asiulizwe lolote, na asiye na hatia afungwe kwa uzito wa neno moja. Kuandika "looked at" hakumvui mtu cheo.

Kwa sarufi, kitenzi hiki hakitaki neno la kukiunganisha na kinachochunguzwa. Husemwa "scrutinize the document", si "scrutinize about" wala "scrutinize into", makosa yaonekanayo mno. Uingereza huandikwa kwa "z" au kwa "s". Marekani ni "z" tu.