Ukimfundisha kijana kazi, mpe sababu ya kubaki

WAFANYABIASHARA wadogo, kuanzia kata ya Ramadhani mjini Njombe hadi Makambako, wanakijua kilio hiki. Unamchukua kijana hajui kitu, unamfundisha kutengeneza simu au kuhudumia wateja wa M-Pesa, akishaiva anahamia kwa jirani au anafungua kibanda chake.

Tatizo hilo limewasumbua hata matajiri wa kompyuta huko Marekani. Mwaka 2010 serikali ya nchi hiyo ilizishitaki kampuni kadhaa, zikiwamo Apple, Google, Intel na Adobe, kwa tuhuma za kupatana zisichukuliane wataalamu. Mwaka 2015 mahakama iliidhinisha kampuni hizo nne ziwalipe dola milioni 415 wafanyakazi wapatao 64,000, waliodai kuwa mapatano hayo yalidumaza mishahara yao.

Njia halali ni kumpa mtu faida ya kukaa. Kampuni kubwa za aina hiyo huwagawia wataalamu wao hisa, lakini kidogo kidogo, mara nyingi kwa miaka minne. Anayeondoka mapema huacha zilizobaki.

Mwenye duka hana hisa za kugawa, lakini anaweza kuahidi fungu la faida kila mwisho wa mwaka, na kulilipa. Aidha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi na likizo ya siku 28 yenye malipo.

Kumshikia kijana mshahara ili asiondoke ni kumfukuza.