Frasila Moja ya Fedha: Rekodi za Barafuni Zenye Damu ya Kwetu

Ukimtajia mtu wa Kipalapala, hapa Tabora, jina la Stanley, mawazo yake yatakwenda Kwihara. Huko ndiko liliko tembe alimoishi Livingstone baada ya kuagana na Henry Morton Stanley mwezi Machi 1872, na watoto wa shule za Tabora bado hupelekwa kulitazama. Kwa hiyo nilipoanza kuwasimulia vijana wa jirani habari za Kombe la Stanley, swali lao la kwanza lilikuwa kama yule msafiri aliacha kombe hapa.

Hapana. Stanley wa kombe ni mwingine kabisa. Ni Frederick Arthur Stanley, Lord Stanley wa Preston, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Kanada. Alilitoa mwaka 1892 lishindaniwe na timu za mpira wa magongo wa barafuni, na mwaka 1893 likakabidhiwa kwa mara ya kwanza, kwa timu ya Montreal. Hakuna kombe kongwe kuliko hilo katika michezo ya kulipwa ya Amerika ya Kaskazini. Kila anayelitwaa huchongwa jina lake juu yake, mchezaji mmoja mmoja, kwenye mikanda inayolizunguka. Sijui kombe jingine kubwa linalomheshimu mchezaji wa kawaida kwa namna hiyo.

Uzito wake ni kilo 15 na nusu hivi. Wazee wa njia ya misafara wangesema kwa kipimo chao: karibu frasila moja. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili kutoka Bagamoyo hadi hapa Unyanyembe, zaidi ya kilometa 800, kwa miguu. Naomba msomaji aushike mzigo huo kichwani, kwa sababu nitaurudia.

Beki wa namba 221

Mpira wenyewe unachezwa na watu sita kila upande, golikipa akiwemo, wamevaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli. Wanachokipiga ni kisahani cha raba ngumu, upana wake sentimita saba na nusu, gramu 170 hivi, nacho huruka kasi kuliko basi lolote la barabara ya Nzega. Huku kwetu barafu tunayoijua ni ya ubuyu na ukwaju, imefungwa kwenye kifuko cha nailoni, na mwezi wa Oktoba kabla mvua hazijaanza huyeyuka ikatiririka hadi kwenye kiwiko hujaimaliza. Lakini kuna mtu mwenye jina la Kijaluo aliyefanya kazi juu ya barafu kwa misimu 12, katika ligi kubwa kuliko zote za mchezo huo duniani.

Anaitwa Johnny Oduya. Alizaliwa Stockholm, Sweden, tarehe 1 Oktoba 1981, baba yake akiwa Mkenya. Mwaka 2001, klabu za ligi hiyo, NHL, zilipogawana vijana wapya, jina lake lilitajwa la 221, na Washington Capitals. Hawakumchezesha hata mechi moja. Aliendelea na kazi Sweden, na alipoingia NHL mwaka 2006, na New Jersey Devils, alikuwa ametimiza miaka 25. Katika mchezo ambao vijana wa miaka 18 huandikwa magazetini kama wafalme wajao, huyo ni mchelewaji hasa.

Mchelewaji huyo alicheza mechi 850. Kwa kijana wa namba 221, kuipata hata moja ni bahati.

Na alizicheza akihama. Februari 2010 New Jersey ilimtoa kwenda Atlanta, katika mabadilishano ya kumpata Ilya Kovalchuk, mfungaji Mrusi. Mwaka uliofuata klabu nzima ya Atlanta iling'oa kambi ikahamia Winnipeg, Kanada, naye akahama nayo. Februari 2012 akapelekwa Chicago Blackhawks. Baadaye Dallas, Chicago tena, Ottawa na Philadelphia. Katikati ya msafara huo, Novemba 2011, alimpoteza kaka yake mkubwa, Fredrik, kwa ajali ya pikipiki Stockholm. Fredrik naye alikuwa mchezaji wa kulipwa wa barafuni, na alikuwa amechaguliwa na klabu ya NHL, San Jose Sharks, mwaka 1993. Ndugu wawili wa nyumba moja yenye baba Mkenya kutajwa wote na klabu za NHL ni jambo linalostahili kukumbukwa zaidi kuliko linavyokumbukwa.

Oduya alikuwa beki. Beki hahesabiwi magoli. Kazi yake ni kuweka mwili mbele ya kile kisahani kabla hakijafika langoni, kukitoa nyuma salama na kumpa mwenzake mwenye jina kubwa aende akafunge. Ninapomwangalia nawaona wapagazi wa kwetu. Vitabu vya wasafiri vimejaa majina ya Burton, Speke na Stanley, lakini bila kirangozi mbele na mamia ya Wanyamwezi nyuma yake, hakuna hata mmoja wao ambaye angeliona Ziwa Tanganyika. Upagazi ulikuwa kazi kamili, yenye mkataba, ujira wa doti za nguo na sifa iliyomfanya kijana wa Unyamwezi aonekane mwanamume. Rekodi za kazi ya namna hiyo hupimwa kwa mzigo uliofika.

Usiku mrefu

Tarehe 12 Juni 2013, Chicago. Fainali ya Kombe la Stanley, mechi ya kwanza, Blackhawks dhidi ya Boston Bruins. Boston wanaongoza 3-1 katika kipindi cha tatu. Chicago wanapata la pili. Kisha, zimebaki dakika zisizofika nane, Oduya anakipiga kisahani kutoka mbali, kinagonga kiatu cha beki wa Boston na kuingia. 3-3.

Huko barafuni sare haitoshi katika fainali. Wanaongeza dakika 20, na wa kwanza kufunga ndiye mshindi. Hakuna aliyefunga. Zikaongezwa 20 nyingine, hakuna. Katika nyongeza ya tatu, dakika ya 13, Andrew Shaw wa Chicago akafunga. Zilikuwa zimechezwa dakika 112 na sekunde nane, moja ya mechi ndefu kuliko zote katika historia ya fainali hizo. Chicago ilikuwa karibu saa sita usiku. Kipalapala ilikuwa karibu saa mbili asubuhi, watu wameshafika kazini. Bila lile goli la Oduya, mechi ingekwisha kwa dakika 60 na Boston wangelala na ushindi.

Sekunde 17

Tarehe 24 Juni mwaka huohuo, mechi ya sita, Boston. Chicago wana ushindi wa mechi tatu, wanahitaji nne. Boston wanaongoza 2-1, na imebaki dakika moja na sekunde 16. Bryan Bickell anasawazisha. Kila mtu anajiandaa kwa usiku mwingine mrefu.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu hii ndiyo picha ninayotaka ibaki. Kisahani kinamfikia Oduya, amesimama mbali na lango. Hachelewi. Anapiga. Michael Frolik aliye karibu na lango anakigusa kidogo, kinagonga mwamba na kurudi, na Dave Bolland anakisukuma ndani. Tangu goli la Bickell zimepita sekunde 17. Katika muda huo mtu hawezi hata kuteka ndoo moja kisimani. Mechi ikaisha 3-2 na kombe likaenda Chicago.

Mfungaji anaitwa Bolland, na ndivyo ilivyoandikwa. Lakini lile pigo lilitoka kwa beki. (Wapagazi walibeba mpaka huku shuka za merikani, na nyingi zilifumwa Massachusetts, jimbo la Boston. Siku ile mzigo uliondoka Massachusetts tena, mikononi mwa mtu mwenye jina la kwetu.)

Msimu ule Blackhawks walianza kwa mechi 24 bila kufungwa katika muda wa kawaida. Hakuna timu ya NHL iliyowahi kuanza msimu hivyo.

Februari 2014 Oduya alivaa jezi ya Sweden katika Olimpiki ya Sochi, mara yake ya pili baada ya Vancouver 2010. Wakafika fainali, Kanada ikawafunga 3-0, akarudi na medali ya fedha. Mwaka 2015 akacheza mechi ndefu kuliko zote katika historia ya klabu ya Chicago: dakika 116 na sekunde 12, dhidi ya Anaheim, mwezi Mei. Tarehe 15 Juni wakaifunga Tampa Bay 2-0 na kutwaa kombe mbele ya mashabiki wao, jambo ambalo Chicago haikuliona nyumbani tangu 1938.

Makombe mawili, frasila moja kila moja. Ndio mzigo kamili wa mpagazi.

Wengine wa barafuni

Golikipa Mark Owuya, aliyezaliwa Stockholm mwaka 1989, baba yake ni Mganda. Alijulikana Sweden kwanza kwa kurap katika shindano la Idol, kisha akasimama langoni katika klabu ya Djurgården, na mwaka 2011 akasajiliwa na Toronto Maple Leafs. NHL yenyewe hakuicheza, lakini katika kazi ya golikipa kusajiliwa tu na Toronto si jambo dogo.

Waliofungua njia ni wengine. Willie O'Ree wa Kanada alikuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, tarehe 18 Januari 1958, na alicheza akiwa haoni jicho la kulia. Jarome Iginla, ambaye baba yake ni Mnaijeria, alifunga magoli 625. Rekodi ya magoli kuliko yote ilikuwa ya Wayne Gretzky, 894, hadi Alexander Ovechkin alipofunga la 895 tarehe 6 Aprili 2025.

Tanzania yenyewe? Nje ya barafu tumewahi kufika Olimpiki ya mpira wa magongo, Moscow 1980. India ilitufunga 18-0. Matokeo mabaya, ndiyo, lakini vijana wale walisimama uwanjani mpaka filimbi ya mwisho dhidi ya taifa lililoondoka na medali ya dhahabu, na wanastahili kutajwa kwa heshima.

Barafu karibu na ikweta

Mwaka 2005 hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi, ilifungua uwanja wa barafu, wa kwanza Afrika Mashariki. Hapo ikazaliwa timu ya Kenya Ice Lions. Uwanja ni mdogo kuliko unaotakiwa na sheria za mchezo, na kwa muda mrefu hawakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo. Waligawana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Tim Hortons iliwapeleka 12 kati yao Kanada, na huko wachezaji wawili wakubwa, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi ya Kenya na kucheza upande wao. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Wanachokosa vijana wale ni uwanja wa vipimo kamili na mechi za kutosha. Wenye uwezo Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wanaweza kuwapa vyote viwili, na nawasihi wasingoje kampuni ya kahawa ya Kanada iwakumbuke tena.

Na wewe msomaji, kama una ndugu Toronto, mwambie aende kwenye jumba la kumbukumbu la mchezo huo, katikati ya jiji. Kombe la Stanley, au nakala yake wakati lenyewe liko safarini, limewekwa pale. Aizunguke ile mikanda mpaka aifikie Chicago ya 2013 na Chicago ya 2015, kisha akusomee kwa simu jina la Oduya, mara mbili.