Delta Moja, Ofisi Nyingi: Utangulizi

Huenda wewe ni mwanafunzi wa jiografia, au ofisa misitu aliyehamishiwa Kibiti juzi, au mjumbe wa kikundi cha kijiji cha kusimamia rasilimali za uvuvi (BMU) anayetaka kujua kwa nini barua ya kijiji chake imezunguka ofisi tatu bila jibu. Nyote mna nafasi humu. Somo hili linahusu namna serikali inavyozipatanisha ofisi zake ili kulinda, na pale palipoharibika kurejesha, mahali mto unapokutana na bahari. Halijawa na vitabu vingi kwa Kiswahili, ingawa watu linaowagusa zaidi huzungumza Kiswahili tangu wanapoamka mpaka wanapolala. Nimechagua kulifundisha kupitia Delta ya Rufiji, kwa sababu karibu kila tatizo la somo hili limekwisha kutokea pale.

Mto Rufiji hukusanya maji ya karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Zaidi ya nusu ya maji hayo huletwa na Kilombero. Yaliyobaki kwa sehemu kubwa ni ya Ruaha Mkuu na Luwegu. Mkabala wa kisiwa cha Mafia mto unagawanyika matawi mengi, na kati ya matawi hayo umeota msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, ambazo ni karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Watu wa delta hawauiti msitu huo kwa jina moja tu. Kuna mkoko wenyewe, mkandaa, msinzi, mchu, mlilana, mkomafi, msikundazi, na kila mti una kiasi chake cha chumvi na cha tope unachokistahimili. Msikundazi hupenda palipo karibu na maji baridi; mlilana husimama mbele, uso kwa uso na bahari. Ukiujua mpangilio huo unaweza kusoma hali ya mto kwa kutazama miti tu.

Kambamiti wanategemea mpangilio huohuo. Huzaliwa baharini, wakaingia mikokoni wakiwa wadogo sana, wakakulia kwenye maji ya mchanganyiko yenye chakula na maficho, kisha wakarudi baharini. Mafuriko ya masika yakipungua, chumvi hupanda ndani ya matawi, na mvuvi huanza kuliona tatizo hilo kwenye nyavu zake kabla mtaalamu yeyote hajaandika ripoti. Hii ndiyo sababu ninasisitiza tangu ukurasa wa kwanza kwamba delta hutengenezwa na maji baridi na udongo unaotoka bara. Miti ni matokeo.

Sasa tazama namna dola lilivyoigawa delta. Kwa karne nyingi boriti za Rufiji zilipakiwa majahazini, zikihesabiwa kwa korija, zikaenda kuezeka nyumba za Uarabuni na Ghuba. Wajerumani waliiweka mikoko chini ya udhibiti mwishoni mwa karne ya 19, Waingereza wakaitangaza kuwa hifadhi, na baada ya uhuru ikabaki msitu wa serikali kuu. Mwaka 1987 ukataji ulipigwa marufuku kabisa. Mwaka 1991 ukatoka mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara ulioandaliwa na Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanasayansi ambaye kila anayeingia katika somo hili anapaswa kumjua. Mpango wake uliigawa mikoko katika kanda nne: ya kuhifadhiwa kabisa, ya kuvunwa kwa utaratibu, ya kupumzishwa ili ipone, na ya matumizi mengine. Kwa maoni yangu hakuna andiko la serikali juu ya pwani yetu lililofikiriwa vizuri kuliko hilo. Upungufu wake ulikuwa mmoja, nao haukuwa kosa la mwandishi: ofisi iliyopewa mpango huo ilikuwa na mamlaka juu ya miti, na haikuwa na mamlaka juu ya maji.

Hali hiyo haijabadilika sana. Miti ni ya Wakala wa Huduma za Misitu. Samaki na kambamiti wako chini ya idara ya uvuvi, katika wizara nyingine. Maji ya mto husimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, mbali kabisa na harufu ya chumvi. Upande wa Mafia kuna hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1995 kwa sheria mahususi ya hifadhi za bahari. Tathmini za athari kwa mazingira hupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira, na sera ya mazingira iko Ofisi ya Makamu wa Rais. Vijiji viko chini ya halmashauri ya wilaya, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Juu ya hayo yote, tangu 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, karibu hekta 597,000, limeorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Palikuwapo pia RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde iliyoundwa 1975. Bunge liliivunja 2017. Jina lake lilikuwa na neno bonde, lakini ilizaliwa kwa ajili ya bwawa na kilimo, na kuilinda delta halikuwa jukumu lake la kwanza.

Msomaji mgeni akiiona orodha hiyo hudhani dawa ni kuunda chombo kimoja kikubwa. Mimi siamini hivyo. Sheria zetu si haba: Sheria ya Misitu ya 2002, ya Uvuvi ya 2003, ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ya Rasilimali za Maji ya 2009. Kinachokosekana ni utaratibu wa ofisi moja kulazimika kusimama pale ofisi nyingine inapoonyesha kwamba uamuzi wake utaiharibu delta. Uratibu bila uwezo huo ni mikutano na posho.

Mfano wa mpunga unalionyesha hilo waziwazi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mafuriko yaliusukuma mkondo mkuu kuelekea matawi ya kaskazini. Maji baridi yakaongezeka huko, na wakulima wakafuata. Walikata mikoko, wakapanda mpunga, wakajenga madungu ya kulindia ndege, na baada ya miaka michache magugu na kaa walipozidi wakafungua shamba jingine. Kwa sheria ya misitu hao ni wavamizi. Lakini wanaishi katika vijiji vilivyosajiliwa, vyenye serikali za vijiji, na chakula chao kinategemea mto uliohama wenyewe. Ofisi ya misitu ikitoa amri ya kuhama, ofisi ya kilimo ikihimiza uzalishaji, na halmashauri ikiomba kura na ushuru, mkulima atii ipi? Ninasema kwa uwazi kwamba ukataji huo umeiumiza mikoko ya kaskazini, na ninasema kwa uwazi uleule kwamba huwezi kuwarudisha nyuma watu ambao hukuwaita mezani ulipopanga.

Walipoamua kusikilizwa, walisikika. Miaka ya 1990 ilikuja kampuni iliyotaka kufuga kambamiti kwa kuchimba mabwawa makubwa ndani ya delta. NEMC ilishauri mradi ukataliwe. Serikali iliuidhinisha 1997 hata hivyo. Wanakijiji walipinga, wakafika mahakamani, na mabwawa hayo hayakuchimbwa. Sura moja nzima ya kitabu hiki inalichambua tukio hilo, maana ndani yake utaona ushauri wa kitaalamu usio na nguvu ya kuzuia, na wananchi waliofanya kazi ambayo uratibu ulishindwa kuifanya.

Kisha kuna bwawa lililojengwa kwenye mto huo, juu ya delta. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme Februari 2024. Taifa linahitaji umeme huo na sitaki msomaji asome humu chuki dhidi yake. Lakini kila bwawa hufanya mambo mawili kwa delta iliyo chini yake: hunasa udongo, na hubadilisha majira ya maji. Watu wa Rufiji wamelima mlau tangu zamani, wakipanda kwenye unyevu unaobaki mafuriko yanaporudi nyuma. Maziwa na madimbwi ya samaki ya bondeni hujazwa na mafuriko hayohayo. Mafuriko makubwa nayo huua na kubomoa, kama ilivyoonekana Rufiji na Kibiti Aprili 2024. Kwa hiyo suala ni maji kiasi gani, mwezi gani, kwa siku ngapi. Sheria ya 2009 inataka sehemu ya maji ibaki mtoni kwa mahitaji ya watu na ya viumbe kabla ya kugawiwa watumiaji wengine. Ratiba ya kufungulia maji ndiyo waraka muhimu kuliko wote kwa delta leo, na wanaoiandaa lazima wakae na ofisa uvuvi, ofisa misitu na wazee wa delta wanaojua bamvua inaingia mpaka wapi.

Wenzetu wa Marekani wamepita njia ndefu kwenye ghuba ya Chesapeake. Mkataba wa kwanza ulitiwa saini 1983 na Maryland, Virginia, Pennsylvania, jiji la Washington na serikali kuu. Pennsylvania haina hata hatua moja ya ufuko kwenye ghuba hiyo, ila mto Susquehanna unaopita humo huleta karibu nusu ya maji baridi ya ghuba, pamoja na mbolea ya mashamba ya jimbo hilo. Malengo ya hiari ya kupunguza uchafu yalishindwa mara mbili. Mwaka 2010 serikali kuu iliweka kikomo cha kisheria cha uchafu, kila jimbo likapewa fungu lake na kupimwa hatua kwa hatua. Maendeleo yamekuwa ya taratibu na mabishano hayajaisha. Somo ninalolichukua kwa Rufiji ni kwamba aliye mbali na bahari alitiwa ndani tangu mwanzo. Kwetu hao ni wakulima wa Kilombero, na wa Usangu kwenye bonde la juu la Ruaha Mkuu.

Kuhusu upandaji wa mikoko, ambao wafadhili na viongozi huupenda kwa sababu hupigwa picha, nitakuwa mfupi. Miche ya aina moja iliyochomekwa kwenye tope lisilofaa hufa. Mahali palipofunguliwa mkondo na maji yakaanza tena kupanda na kupwa kama kawaida, mbegu huja zenyewe. Sura ya sita inaeleza vipimo vya kuchukua kabla ya kununua mche mmoja.

Unaweza kuanza na sura yoyote, lakini ningekushauri uanze na ya pili, ya maji, ukiwa na ramani ya bonde lote mezani, kuanzia Usangu mpaka bandari ya Nyamisati kwenye delta. Wekea alama kila ofisi yenye haki ya kutoa kibali cha maji juu ya delta, kisha uandike pembeni ya kila moja ni nani wa delta anayeweza kuipinga, na kwa kifungu kipi.