Biskuti za Noeli kwa Mtoto Asiyekula Ngano



Desemba ni mwezi wa unga wa ngano. Mwaka mzima familia zetu nyingi hula ugali, wali, ndizi na muhogo, lakini Noeli ikikaribia kila mama hutafuta ngano: ya chapati, ya maandazi, ya keki, na ya zile biskuti za watoto zinazokatwa umbo la nyota na kengele. Kwa watoto wengi hiyo ni furaha tupu. Lakini yupo mtoto ambaye chakula hicho humdhuru, naye ndiye ninayetaka tumkumbuke katika ukurasa wetu wa mwezi huu. Ni mtoto mwenye ugonjwa wa siliaki.

UGONJWA HUU NI NINI?

Ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai kuna protini inayoitwa gluteni. Jina hilo ni la Kilatini na maana yake ni gundi. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Mtu mwenye siliaki akila gluteni, kinga ya mwili wake hugeuka na kushambulia utumbo wake mwembamba. Vile vinyweleo vidogo vya utumbo vinavyofyonza chakula huharibika na kulala. Mtoto anakula, lakini chakula hakimfikii.

Dalili kwa mtoto ni kuharisha kwa muda mrefu, tumbo kujaa na kuvimba, kutoongezeka uzito wala kimo, unyonge, na upungufu wa damu usiopona ingawa anapewa dawa za madini ya chuma. Mara nyingi huanza baada ya mtoto kuanza kupewa vyakula vya ngano.

Aliyefungua macho ya waganga ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Alikuwa ameanza kuushuku mkate tangu miaka ya 1930. Wakati wa njaa ya vita, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ulikosekana Uholanzi, na watoto wenye ugonjwa huu wakapata nafuu kwa kula vyakula vingine. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 Dicke alieleza uchunguzi wake katika tasnifu yake ya udaktari.

Wako wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 uligundua kwamba miongoni mwa watoto wa Kisahrawi wa Sahara Magharibi, hapa hapa Afrika, zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao.

Hata hivyo, wazazi wapendwa, msikimbilie kuondoa ngano nyumbani kwa sababu mtoto anaharisha. Kwetu sababu za kuharisha na kukonda ni nyingi: minyoo, amiba na giadia, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, na lishe duni. Hizo hutazamwa kwanza. Daktari akishuku siliaki, ataagiza kipimo cha damu, na pengine kipande kidogo cha utumbo kuchunguzwa kwa darubini. Zingatieni jambo hili: mtoto aendelee kula ngano mpaka vipimo vimalizike. Akiachishwa mapema, kipimo kinaweza kuonyesha hana ugonjwa kumbe anao. Na kwa mtu asiye na ugonjwa huu, kuacha ngano hakuna faida maalumu.

"KIDOGO TU" NDICHO KINACHODHURU

Siliaki haina kidonge. Dawa yake ni moja: kuacha gluteni kabisa, maisha yote. Mtoto akiiacha, utumbo hupona, naye hunenepa na kuchangamka. Tatizo huja sikukuu.

Mama mmoja alimrudisha mtoto wake hospitalini mwezi wa Januari, tumbo limejaa na uzito umeshuka. Nyumbani alikuwa akishika masharti vizuri kwa miezi mingi. Lakini Noeli walikwenda kijijini. Bibi, kwa upendo wake, alikuwa akimpa mjukuu nusu andazi kila asubuhi.

"Sista nesi," bibi aliniambia, "mtoto analia wenzake wakila. Nusu andazi litamfanya nini? Ni kidogo tu."

"Shikamoo bibi," nilimjibu. "Kwa mjukuu wako huyu, hicho kidogo ni kama mchanga ndani ya jicho. Hauhitaji debe zima."

Tuangalie hesabu. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida kina gluteni ya gramu 2 hivi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 tu kila siku, kwa miezi mitatu, zinatosha kuharibu utumbo wa mgonjwa. Kata kile kipande cha mkate mara 40: kimoja kati ya hivyo ndicho miligramu 50. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha madhara nacho hujazwa vivyo hivyo.

Basi tufanyeje? Kumtengea mtoto sahani yake pembeni huku wenzake wakifurahia trei nzima ni kumfundisha kuiba. Tena jikoni palipopepetwa unga wa ngano, vumbi lake hutua kwenye kibao, kwenye sukari na kwenye biskuti zake. Shauri langu ni hili: Noeli hii, biskuti za nyumba nzima zipikwe bila ngano. Mama apike mara moja, na watoto wote wale kutoka trei moja.

KWA NINI BISKUTI?

Mkate bila gluteni ni kazi ngumu, kwa sababu mkate unahitaji ile gundi ili uumuke na kusimama. Biskuti haihitaji kuumuka. Inahitaji kushikana tu isivunjike, na kazi hiyo yai na wanga wa muhogo huweza kuifanya. Unga wa mchele tunao, nao tumeuzoea kwa vitumbua na vibibi. Hakuna haja ya vyakula vya makopo vya bei kubwa kutoka ng'ambo.

Mahitaji (biskuti 35 hivi, kikombe ni cha mililita 250):

- Unga wa mchele uliochekechwa, gramu 200 (kikombe 1 na robo)
- Wanga wa muhogo, gramu 100 (robo tatu ya kikombe)
- Sukari, gramu 100 (nusu kikombe)
- Siagi au majarini, gramu 125 (nusu kikombe)
- Yai 1
- Chumvi kidogo, na iliki iliyotwangwa au ganda la limau lililokwaruzwa

Unga wa mchele. Chagua mchele, uoshe, uloweke kwa saa chache, uchuje na uuanike mpaka ukauke nje. Twanga kwenye kinu, chekecha kwa chekeche laini, kisha anika unga mpaka ukauke kabisa. Ukiupeleka mashineni, uliza kwanza kama husaga ngano. Kama husaga, ni afadhali kutwanga nyumbani.

Wanga wa muhogo. Tumia muhogo mtamu, si ule mchungu. Umenye, uukwaruze, uchanganye na maji mengi na kukamua kwa kitambaa safi. Acha maji yatulie kwa saa kadhaa. Wanga mweupe utakaa chini. Mwaga maji taratibu na uanike ule wanga juani. Ukikosa nafasi, nunua wanga wa mahindi dukani, lakini soma pakiti uhakikishe ni wa mahindi kweli.

Namna ya kupika:

1. Saga sukari kwenye kinu safi iwe laini. Ipige pamoja na siagi mpaka vichanganyike na kuwa vyeupe. Tia yai, chumvi na iliki, upige tena.

2. Changanya unga wa mchele na wanga, umimine kidogo kidogo, ukikanda kwa mkono. Donge likimeguka, ongeza maziwa kijiko kimoja. Likinata sana, ongeza unga wa mchele kidogo.

3. Lifunike donge na uliache mahali pa baridi kwa saa moja. Usiiruke hatua hii. Unga wa mchele hunywa maji polepole, na usipoupa muda biskuti zitakuwa na chengachenga kama mchanga.

4. Weka donge kati ya karatasi mbili safi za nailoni na ulisukume mpaka unene wa nusu sentimita. Bila gundi ya ngano donge hili halivutiki, kwa hiyo lisukume taratibu. Likipasuka, libane kwa vidole.

5. Kata maumbo. Usipokuwa na vibati vya kukatia, tumia mdomo wa glasi kwa duara, au kata nyota, samaki na kengele kwenye karatasi ngumu safi, uweke juu ya donge na kuzungusha kisu. Ondoa mabaki ya pembeni, kisha inua kila biskuti kwa kisu kipana. Maumbo yenye ncha nyembamba huvunjika upesi. Nyota nene ni bora kuliko nyota nzuri.

6. Panga kwenye trei iliyopakwa siagi. Oka kwa nyuzi 175 kwa dakika 12 hadi 14, mpaka kingo zianze kuwa rangi ya dhahabu. Asiye na oveni achukue sufuria kubwa, aweke mchanga chini, aipashe moto, aweke trei ndogo juu ya mchanga, afunike na kupalia makaa machache juu ya mfuniko. Oka biskuti moja kwanza ili kuujua moto wako.

7. Ziache zipoe kwenye trei bila kuzigusa kwa dakika 10. Zikiwa za moto ni laini na huvunjika. Zikipoa hukaza. Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko.

Kumbukeni hizi ni tamutamu. Mtoto ale mbili au tatu baada ya chakula, kisha apige mswaki.

USAFI WA JIKO NA NGANO ILIYOJIFICHA

Kabla ya kuanza, oshwa kila kitu kwa maji na sabuni. Kibao cha chapati na mti wake wa kusukumia ni vya mbao, na unga hujificha katika nyufa. Tumieni chupa safi ya kioo kusukumia donge hili. Chekeche nayo iwe ya peke yake. Siagi isiwe ile iliyochovywa kisu chenye chembe za mkate. Chapati za wageni zikilazimika kupikwa, zipikwe siku nyingine, baada ya biskuti kufungiwa kopo.

Tena jihadharini na hivi: unga wa lishe wa uji mara nyingi huchanganywa na ngano au shayiri. Tambi, soseji, baadhi ya vidonge vya mchuzi, sosi ya soya, na vinywaji vinavyotengenezwa kwa kimea cha shayiri navyo vinaweza kuwa na gluteni. Mahindi, mchele, mtama, ulezi, muhogo, viazi, ndizi, maharage, nyama, samaki, mayai, maziwa na matunda ni salama. Togwa iliyotengenezwa kwa kimea cha ulezi ni salama pia. Tazameni basi: chakula chetu cha kila siku ndicho chakula cha mtoto huyu. Sikukuu ndiyo inayomletea hatari.

Mfundisheni mtoto kusema mwenyewe kwa adabu anapokwenda kwa jirani: "Asante shangazi, lakini ngano inanidhuru." Mpeni biskuti zake mfukoni, na nyingine za kuwagawia wenzake. Akila ngano kwa bahati mbaya, asichapwe. Hakuna dawa ya kuifuta. Mrudisheni kwenye chakula chake, na akiharisha mpeni maji ya chumvichumvi ya ORS. Akitapika mfululizo, akilegea au macho yakiingia ndani, msingoje sikukuu iishe. Mleteni hospitali.

NA KOMUNYO?

Wazazi huuliza, kwa kuwa hostia ni ya ngano. Kanisa limelieleza jambo hili katika barua za Vatikano za mwaka 2003 na 2017. Hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Ekaristi, lakini ile yenye gluteni kidogo sana, iliyobaki na ngano ya kutosha kuwa mkate, ni halali. Asiyeweza hata hiyo aweza kupokea Damu ya Kristo peke yake. Zungumzeni na daktari kwanza, kisha mwoneni paroko mapema, si asubuhi ya Noeli. Mwombeni kalisi ya pekee, kwa maana katika kalisi kuu padre hutia kipande cha hostia.

Ndugu zangu, katika parokia yenu huenda yupo mtoto mmoja tu wa namna hii. Akija kwenu siku ya Noeli, msimpe andazi kwa huruma wala msimkalishe pembeni. Mpeni nyota ya unga wa mchele kutoka trei ile ile ya wenzake, na mama yake aweze kukaa chini na kula bila hofu.

Nawatakieni Noeli njema na afya njema.