Kuvuja kwa Oili Katika Gari Kuukuu la Pikapu

Wasomaji wetu wengi wamepata kuona pikapu kuukuu imesimama chini ya mwembe, na ikiisha kuondoka huacha doa jeusi mchangani. Mwenye gari hulitazama doa lile akasema, "Gari limezeeka, halina budi kuvuja." Neno hili si la kweli, nalo limewatia watu wengi hasarani. Leo twapenda kueleza asili ya kuvuja huko, jinsi ya kutafuta mahali panapovuja, na jinsi ya kupatengeneza; maana gari hilo moja pengine ndilo lipelekalo mahindi sokoni na wagonjwa hospitali, nalo likifa, hasara huwa ya watu wengi.

Kwanza yafaa kufahamu kazi ya oili. Ndani ya injini mna vyuma vinavyozunguka mara elfu na zaidi kwa dakika moja. Oili hukaa kati ya chuma na chuma ili visisagane, tena huchukua sehemu ya joto. Hukaa katika bakuli la chini liitwalo sampu, na pampu huivuta na kuipeleka juu. Ikipungua mno, pampu huvuta hewa, beringi za krenki hukauka, na injini hukwama. Bei ya gasketi ni ndogo, lakini gharama ya kutengeneza krenki pengine hupita thamani ya gari zima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa tutazame sababu. Tuchukue mfano wa Toyota Hilux, gari lililoanza kuundwa Japani mwaka 1968, na ambalo wengi wetu twalifahamu. Likiisha kwenda kilometa 300,000, gasketi na sili zake zimepikwa kwa joto miaka mingi, hata mpira uliokuwa laini umekuwa mgumu na kupasuka. Tena bolti zimelegea kwa mtikiso wa barabara mbovu. Lakini iko sababu nyingine ambayo wengi huisahau, nayo ni pumzi ya injini. Kila injini hupitisha moshi kidogo kando ya pistoni, ukaingia penye krenki. Moshi huo hutolewa kwa mpira maalumu wa kupumulia. Mpira ukizibwa na masizi, moshi hukosa njia, nao husukuma oili nje penye kila sili iliyo dhaifu. Basi kabla ya kununua sili yoyote, vua mpira huo, uusafishe, na kama umepasuka au umelainika mno, nunua mwingine. Kazi hii haina gharama kubwa, na mara nyingine huupunguza sana uvujaji.

Jambo la pili ni kutafuta. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Oili hushuka chini, na gari likienda upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo mahali inapodondoka si lazima pawe ndipo inapotoka. Twajua habari za gari moja lililokuwa likidondosha oili kati ya injini na gia boksi. Fundi alisema sili ya nyuma ya krenki imekufa. Gia boksi ilishushwa, sili ikabadilishwa, fedha nyingi zikalipwa, na baada ya juma moja doa likaonekana vile vile. Mwisho ikajulikana ya kuwa oili ilikuwa ikitoka juu kabisa, nyuma ya kifuniko cha injini ambacho mafundi hukiita tapeti kava, ikateremka polepole nyuma ya injini hata chini. Gasketi moja ya bei ndogo ingalimaliza shauri lote.

Ili kuepukana na hasara kama hiyo, fanya hivi. Injini ikiwa imepoa, funika altaneta na mahali pa kuvutia hewa kwa mfuko wa nailoni. Osha injini yote kwa sabuni, maji na brashi, kisha iache ikauke vizuri. Nyunyiza poda, kama ile wapakwayo watoto, mahali unapopashuku, ila si penye mikanda. Endesha gari kilometa 10 hivi, uzime, halafu tazama kwa tochi ukianzia juu na kushuka chini. Palipo juu kuliko pote penye poda iliyolowa ndipo chanzo. Usianze kutengeneza chini kabla ya juu kuwa pakavu.

Na tueleze sasa matengenezo yenyewe, tukianza na yaliyo mepesi.

Tapeti kava. Fungua bolti, ondoa kifuniko, na kwangua gasketi ya zamani yote bila kuuacha uchafu uangukie ndani. Tazama kama kifuniko kimepinda. Tia gasketi mpya, kisha kaza bolti kidogo kidogo, kwa zamu, ukianzia katikati kwenda kandoni. Usikaze kwa nguvu nyingi: bolti hizi ni ndogo, na akazaye kupita kiasi hupinda kifuniko au hukamua gasketi, na uvujaji huwa mbaya kuliko mwanzo.

Filta na swichi ya oili. Mara nyingine filta mpya hufungwa huku mpira wa filta ya zamani ungali umegandia injini. Mipira miwili haishikani vema, na oili inaweza kumwagika ghafula. Hakikisha ya kuwa mpira wa zamani umetoka, na paka oili kidogo mpira mpya. Swichi inayowasha taa ya oili nayo huvuja ikizeeka. Dawa yake ni kuibadilisha.

Sampu. Tazama bolti ya kumwagia oili na washa yake. Kama gasketi ya sampu imekufa, mwaga oili, shusha sampu, nyosha ukingo wake uliopinda, na safisha pande zote mbili mpaka ziwe kavu. Ukitumia gamu ya silikoni, paka mstari mwembamba tu. Gamu nyingi hukamuliwa ndani, na vipande vyake huweza kuziba njia ya pampu.

Sili ya mbele ya krenki. Hii usiichelewe, hasa katika injini zenye mkanda wa taiming, kama zile za dizeli za Hilux za aina ya 2L, 3L na 5L. Oili ikiulowesha mkanda huo, huuharibu. Mkanda ukikatika, valvu zaweza kugongana na pistoni, na injini kuvunjika. Ukibadilisha sili na kuona mkanda umelowa, badilisha mkanda pia. Angalia usikwaruze chuma cha krenki unapoitoa sili. Kama sili ya zamani imechimba mfereji katika chuma, fundi hodari ataiweka mpya mbele kidogo au nyuma kidogo, ili mdomo wake ukae penye chuma kizima.

Sili ya nyuma. Hii yataka kushusha gia boksi, nayo ni kazi ya gereji. Kabla ya kukubali gharama hiyo, nusa oili inayodondoka: oili ya gia ina harufu kali, na pengine kosa ni la gia boksi. Na kama kazi ikifanywa, tazama klachi wakati huo huo, ili gia boksi isishushwe mara mbili.

Yako mambo ya kuonya. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi imara au magogo manene, na kinga magurudumu kwa mawe. Usidanganyike na oili nzito kupita ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari, wala dawa za chupa zisemwazo kuziba uvujaji. Pengine hupunguza kwa muda, lakini mpira uliopasuka hauungani tena. Na kama moshi unafoka kwa nguvu penye kifuniko cha kutilia oili wakati injini inazunguka polepole, huenda ringi za pistoni zimekwisha, na sili mpya hazitadumu. Kadhalika, oili chafu usiimwage mtoni wala karibu na kisima, na ikikugusa ngozi jioshe kwa sabuni.

Mwisho, gari likingoja zamu ya kutengenezwa, pima oili kila asubuhi likiwa limesimama mahali sawa kabla ya kuliwasha. Katika injini nyingi, toka alama ya chini ya kijiti hata ya juu ni kama lita 1. Andika katika daftari siku na kiasi ulichoongeza. Daftari hilo litakuonyesha kama uvujaji unazidi, nalo litamsaidia fundi kuliko maneno mengi. Gari kuukuu likitunzwa hivyo laweza kufanya kazi miaka mingi bado. Bali lenye kudharauliwa hufia njiani, pengine usiku, na mgonjwa akiwa ndani.